Pasi Haiulizi Mkunjo

Miaka ile ya vita niliamini, kwa akili zangu zote na nyingine za kuazima, kwamba chini ya bahari kulikuwa na mji. Si kijiji, mji hasa, wenye njia, soko na taa, uliojengwa kwa meli zilizozamishwa. Adui alipoizamisha meli hakuiacha ioze. Aliivuta mpaka mahali pake, akaipanga ubavu kwa ubavu na wenzake, akaziba matundu, ikawa nyumba. Waliokuwamo hawakufa. Walipokewa mlangoni wakapewa blanketi kavu, mkate na nyama ya kopo, kisha wakapangiwa kazi. Ndiyo sababu, tuliambiwa, mkate ulikuwa adimu Mombasa nzima. Wote ulikuwa ukiliwa kule chini.

Habari hii ililetwa kazini kwetu na mpiga pasi mmoja wa Likoni. Yeye aliipata kwa mpishi wa meli, na mpishi aliipata kwa watu. Nami sikuiacha kama ilivyokuja. Haukupita muda nikawa naujua mji ule kuliko aliyeuleta. Nilijua soko liko upande gani. Nilijua kwamba samaki kule hawauzwi, hufukuzwa dirishani kama nzi. Ungeniuliza hewa yao inatoka wapi, ningekuchorea bomba lake mchangani na kukuonyesha fundi wake anakaa nyumba ya ngapi.

Mimi nilikuwa napiga pasi katika nyumba moja ya dobi huku Kisauni, si mbali na daraja la kuelea la kuvukia kisiwani. Bandari ilikuwa imejaa manowari, na manowari zimejaa watu, na watu wale wote walivaa nyeupe. Nikisema ninyooshe tena suruali nilizozinyoosha, nizitandaze tangu Kengeleni hadi Mwakirunge, zitatosha na nyingine zibaki za kufunikia mashimo ya mawe, utanipunguzia kidogo. Usinipunguzie sana. Dobi mwenyewe, mzee wa maneno machache, alimwambia kila mpiga pasi mpya jambo moja tu siku ya kwanza: "Kunja kwanza, tazama, halafu shika pasi. Pasi haiulizi mkunjo." Baada ya hapo hakukufundisha tena. Alikungoja ukosee akukate mshahara.

Jioni, baada ya kazi, nilikuwa mwanafunzi. Kulikuwa na darasa la watu wazima kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa letu pale Kengeleni, wenyewe tukiketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Rabai, mhubiri wa Jumapili, mwembamba kama utambi. Alitufundisha kusoma, hesabu, na mwisho wa masomo akatufundisha kitu alichokiita elimu ya hoja. Alisema: "Leta neno la kwanza ambalo wote mmelikubali. Leta na la pili. La tatu halitafutwi, linakuja lenyewe."

Bwana we, nilipenda. Kila alaye pilipili mbichi hutoka jasho. Mama yangu amekula pilipili mbichi. Basi mama yangu ametoka jasho. Nilimwambia mama hivyo akiwa jikoni, akaniangalia, akasema jasho ni la moto. Lakini sikujali. Nilitembea Kisauni nzima nikitafuta neno la kwanza na la pili, na la tatu likinifuata nyuma kama mbwa. Siku ya kumaliza masomo nilipewa karatasi yenye muhuri, na kuanzia siku ile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyebishana nami hata juu ya mvua.

Nyumba yetu ilikuwa na watu wanne. Baba alifariki tukiwa wadogo. Alibaki mama, kaka yangu mkubwa, mke wake, nami. Kaka alikuwa dereva wa lori. Alifunga ndoa kanisani, na mashada hayajakauka vizuri, akajiandikisha jeshini. Siku ya kuondoka alivua shati lake jeupe la arusi akampa mkewe, kisha akanitazama mimi akacheka. "Huyu shemejiyo wa pasi alitunze. Likae na kanji yake. Nikishuka melini sipiti nyumbani, naenda kanisani moja kwa moja kushukuru."

Basi kila Jumamosi mchana, baada ya kunyoosha nguo za mabaharia wa dunia nzima, nilinyoosha shati moja la kaka. Halikuwa limevaliwa tangu siku ile. Nililinyunyizia maji, nikalitia kanji, ule uji wa wanga wa kukazia nguo, nikalipiga pasi, shemeji akalipokea kwa mikono miwili na kulilaza sandukuni.

Kisha siku moja mchana akaja mzee wa mtaa na askari mmoja mwenye karani wake. Tuliwapa viti. Karani alisema meli waliyopanda vijana wetu imepigwa baharini, njiani kwenda kule kwenye vita vya Wajapani, nayo imezama upesi. Waliookolewa wamejulikana. Kaka hakuwamo. Alisema hayo kwa adabu, akakubali maji ya kunywa, akanywa yote, wakaenda zao. Walikuwa na nyumba nyingine za kwenda.

Mama alikaa chini pale pale mlangoni. Shemeji aliokota bilauri ya karani akaenda kuiosha, nikamsikia akiiosha muda mrefu kuliko bilauri inavyohitaji. Mimi nilingoja kulia. Nilisimama kama mtu anayengojea chafya. Haikuja. Nikaona saa ya kazi inapita, nikavaa kofia, nikarudi kwa dobi, nikanyoosha mpaka jioni. Mkaa uliruka ukatua kidoleni. Nilikitazama kikiungua kama kidole cha mtu nisiyemfahamu, hata mwenzangu wa Likoni akanisukuma mkono.

Akaniuliza, "Una nini wewe?"

"Meli ya kaka imezamishwa."

Akanitazama, akaona uso wangu umekaa kama ukuta. Nadhani alitaka kunifanyia wema. Akasema, "Basi saa hizi ana blanketi."

Hapo ndipo neno la kwanza lilipokaa mahali pake. Wote waliozamishwa hupokewa katika mji wa chini. Kaka yangu amezamishwa. La tatu likaja lenyewe, kama alivyosema mwalimu, sikulivuta. Nilirudi nyumbani nikawaeleza mama na shemeji kwa utaratibu, nikihesabu kwa vidole, na kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Atakuwa anakula?" akauliza.

"Nyama ya kopo, mama."

"Hapendi nyama ya kopo," akasema mama. Akainuka kupika.

Shemeji akamfuata kumwashia moto.

Sasa nieleze desturi ya kwetu, maana yote yaliyofuata yanategemea hiyo. Pale Kengeleni Mkristo akifa hupigwa kengele ya kanisa taratibu, pigo moja, kisha kimya, kisha pigo jingine. Watu huweka majembe chini, sufuria huepuliwa, kila mtu huuliza ni nani. Kengele ikishalia ndipo matanga hukaliwa, na matanga yakishaanuliwa ndipo mjane huitwa mjane, nguo za marehemu zikagawiwa, naye akawa huru kukaa au kurudi kwao. Na kengele haipigwi mpaka mwanamume wa nyumba apeleke neno kwa mchungaji. Kwetu mwanamume aliyebaki nilikuwa mimi.

Mchungaji alikuja mwenyewe, kwa kuwa neno halikupelekwa. Akaketi barazani, kofia gotini.

"Nimekuja kwa habari ya kengele, mwanangu."

"Mchungaji, kengele hupigiwa nani?"

"Wafu."

"Kaka hakufa. Yuko chini, amepangiwa kazi. Sasa tukimpigia kengele, hatutakuwa tumesema uongo mbele ya Mungu? Tena uongo wa chuma, unaosikika mpaka Junda."

Mchungaji aliizungusha kofia yake. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kusoma elimu ya hoja. Alisema, "Maneno yako yamefungana. Sioni pa kuyachomoa." Akamgeukia mama. "Nawe mama, wasemaje?"

"Mimi sikusoma," akasema mama. "Huyu ndiye amesoma."

Jikoni shemeji alikuwa akitwanga. Mchi ulisimama. Sote tuliusikia ulivyosimama. Kisha ukaendelea.

Tangu siku ile shemeji aliishi mahali pasipo na jina. Wanawake wa kanisani hawakujua wamwamkieje. Wakimpa pole, ni kama wamemzika mumewe kabla ya kengele. Wakimwuliza hali ya mumewe, ni kama wanamcheka. Basi walimsalimu kwa mbali na kupita upande wa pili wa njia, na wao walikuwa rafiki zake. Nguo nyeusi hakuivaa, na zile za rangi alizoshonewa za arusi aliacha kuzivaa. Alivaa kanga moja iliyofifia, akafua, akavaa ile ile. Mimi niliyaona haya yote. Niliyaona kama unavyoiona mvua ukiwa ndani ya nyumba.

Mama yake alikuja kutoka Junda kumchukua. Alikuwa mama mwenye shamba na mwenye ulimi. Hakuketi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Nambie, mwanangu hapa ni nani? Kama ni mke, mume yuko wapi? Kama ni mjane, matanga yalikaliwa lini, mbona sikuitwa hata kuosha vyombo?"

Nikamweleza mji, kwa vidole. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Huko chini," akasema, "mtu akiona kiu hutoka nje?"

"Wana matangi, mama."

"Aa. Na wakitaka kuoga, hungoja mvua?" Akamwita bintiye. "Wee. Fungasha twende, hawa wana mji wao."

"Abee, mama. Siwezi," shemeji akajibu kutoka ndani.

"Huwezi nini?"

"Sijaagwa."

Kwetu mke hatoki nyumba ya mumewe bila kuagwa na watu wa nyumba, awe mke au mjane, ama sivyo atakuwa ametoroka. Na watu wa nyumba tungemuaga kwa lipi? Yule mama alinitazama bila hasira, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. Akatua kikapu cha mihogo mlangoni akaenda zake.

Nikaona niipeleke hoja yangu kwa mwalimu. Sikwenda kwa mashaka. Nilikwenda kama mtu anayempelekea fundi wake kiti alichokitengeneza mwenyewe. Nilimkuta nje ya darasa mchana akikausha chaki juani, amevaa suruali aliyoileta kwa dobi wiki ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ngazi yako imara," akasema. "Sikuona kipandio kilichovunjika. Sikupata mwanafunzi kama wewe." Kisha akauinua mguu mmoja juu ya jiwe. "Hebu tazama suruali hii. Nani aliipiga pasi?"

Nikatazama. Ilikuwa na mikunjo miwili kwenye mguu mmoja, mmoja mbele, mmoja ubavuni, yote miwili imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

"Ni mimi, mwalimu."

"Huu wa ubavuni ndio mzuri zaidi. Ungeweza kukatia mkate. Sasa kosa ni la pasi?"

"Pasi haiulizi mkunjo," nikasema, maana ndivyo tulivyofundishwa.

"Basi na hoja haiulizi. Ukiikunjia nguo vibaya, itakunyooshea ule ubaya mpaka watu wausifu." Akashusha mguu. "Mimi nilikufundisha kushika pasi. Kukunja sikukufundisha, nalo ni kosa langu. Nani alikwambia habari ya mji huo?"

"Mwenzangu wa Likoni."

"Amefika?"

"Alisikia kwa mpishi."

"Mpishi amefika?"

"Amesikia." Kisha, kwa kuwa nilikuwa na cheti chenye muhuri, nikamwambia, "Lakini, mwalimu, nawe kila Jumapili unatusimulia kaburi lililokutwa tupu. Nawe ulifika?"

Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtu asemaye bei ya sabuni. Mwalimu alicheka kidogo, taratibu, akaanza kugeuza chaki zake moja moja upande usiokauka.

"Sikufika. Nami nimesikia. Hakuna mtu anayeanza bila kusikia kitu, hata anayesema anaanza na macho yake. Tofauti ni kumwuliza aliyekwambia, wewe umeisikia wapi, mpaka ufike kwa aliyesema nimeona. Nimeuliza, nikafika kwa watu waliosema tumeona, wakapigwa, wakaulizwa tena, wakasema tumeona. Nimewaamini. Hapo ndipo nilipokunja. Sikufika hapo kwa hoja, wala sitakudanganya kwamba nilifika kwa hoja. Hoja ilianza baadaye." Akafuta mikono. "Na tazama jinsi inavyokwenda ukikunja hapo. Wafu watafufuliwa. Nduguyo amekufa. La tatu ni lipi?"

Sikulitoa. Lilikuwa pale, lilikuja lenyewe kama mengine yote, lakini lilikuja limelibeba la pili mgongoni, nami la pili sikuwa na mahali pa kuliweka.

Mwalimu akasema, "Kama wafu hufufuliwa, huna haja ya kumnyima nduguyo kufa. Anaweza kufa, na asipotee. Mji ule mmejengewa na mtu asiyejua hilo."

Nikamshukuru, nikamwambia ailete suruali nitainyoosha upya bure. Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimeelewa kila neno, ningeweza kukurudia yote kwa mfuatano wake, na ndani yangu hakukuwa na kitu kilichotikisika. Mtu anaweza kuelewa jambo kama anavyojua jina la mji wa Ulaya. Jumapili iliyofuata nilikaa kanisani tukasema pamoja kwamba tunaamini ufufuo wa wafu. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wote, nadhani ilivuka maji ikasikika mpaka Changamwe. Shemeji aliketi upande wa wanawake, mwisho wa benchi, na kati yake na mwenzake palitosha watu wawili.

Jumamosi ikaja na nyingine na nyingine. Vita vikaisha. Manowari zikapungua bandarini, mkate ukarudi madukani, na mwenzangu wa Likoni akaacha kuutaja mji wake. Siku moja nilimwuliza habari zake, akasema, "Mji upi?" Akaendelea na kola yake. Vijana wa Kisauni waliokwenda na kaka jeshini kwa meli nyingine walishuka, wengine wakaenda kanisani kushukuru. Mimi niliendelea kulitia kanji shati. Kanji juu ya kanji bila kufuliwa hugeuka rangi. Lile shati lilikuwa limekuwa la rangi ya chai, gumu, ungeweza kulisimamisha ukutani likamngoja mwenyewe bila msaada.

Jumamosi moja ya joto, baada ya chakula, nilikuwa nalinyoosha uani. Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta akichambua mchele. Shemeji alikuwa akinipepelea mkaa kwa kipepeo cha makuti, kama alivyofanya siku zote. Nilikunja mkono wa shati mahali pale pale nilipokuwa nikikunja miaka yote, nikatazama, nikashika pasi, nikabonyeza. Nguo ikakatika. Haikuraruka, haikutoa hata sauti. Ilikatika kwenye mkunjo tangu bega mpaka kiwiko, kama jani kavu, na pande mbili zikakaa mezani zimenyooka vizuri.

Nikaweka pasi pembeni.

"Nitalishona," nikasema.

Shemeji akaacha kupepea.

"Shemeji," akaniita.

"Naam."

"Usilishone."

Nilizileta pande mbili pamoja kwa vidole, nikaona zinaweza kukutana. "Ni mshono mmoja tu. Akivaa koti haitaonekana."

Mama alikuwa ameacha mchele. Shemeji alitazama pale mama alipokaa, na mama hakuinamisha uso. Basi shemeji akaichukua pasi kutoka mezani, akaifungua, akaumwaga mkaa mchangani, akaurushia maji. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia njia:

"Chini ya bahari hakuna mji. Kuna maji tu. Mume wangu alikufa siku ile meli ilipozama. Kesho asubuhi nenda kwa mchungaji, umwambie apige kengele."